Vale Royal: Jumba la Cheshire Lililoliwa Njoro

Kwa wasafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, Delamere ni kituo. Gari likikaribia Naivasha dereva hupunguza mwendo, abiria hushuka kunyoosha miguu, huyu akanunua maziwa ya mtindi, yule akatafuta choo, kisha safari ikaendelea. Ukimwuliza abiria huyo Delamere alikuwa nani, atakwambia ni Mzungu mmoja mwenye mashamba. Akiwa mtu wa makamo ataongeza habari za kitukuu chake aliyefikishwa mahakamani kwa kupiga watu risasi. Zaidi ya hapo mazungumzo hukatika, maana mtindi umekwisha na kondakta anagonga bati.

Mimi nataka kuanzia pale anapoachia abiria. Kabla ya kuwa jina la kituo, la shamba na la maziwa, Delamere lilikuwa jina la cheo cha ukoo wenye jumba kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na jumba hilo lina umri wa zaidi ya miaka 700. Linaitwa Vale Royal, yaani Bonde la Kifalme. Liko Whitegate, katika kaunti ya Cheshire, ukingoni mwa mto Weaver, kati ya Northwich na Winsford, miji miwili iliyojengwa na chumvi ya ardhini. Msomaji aishike chumvi hiyo moyoni, tutaihitaji mwishoni.

Ukoo wenyewe unaitwa Cholmondeley. Usihangaike kuusoma jinsi ulivyoandikwa: wenyewe hutamka "Chamli", na herufi nyingine zote wameziacha ziwe za mapambo. Delamere nalo ni neno lenye umbo la Kifaransa, lenye maana ya mahali penye maziwa ya maji, na limetokana na msitu mkubwa wa wafalme uliokuwa jirani na jumba. Katika hati za Kilatini za zama za kati msitu huo uliandikwa Mara. Ni sadfa tu, haina uhusiano wowote na Mara ya Wamaasai. Lakini historia ina vichekesho vyake.

Vale Royal haikuanza kuwa nyumba ya bwana. Ilianza kuwa nadhiri. Wamonaki waliokaa pale waliandika kwamba Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, alikumbwa na tufani baharini, akamwahidi Bikira Maria kwamba akiokoka atamjengea abasia. Kwa simulizi yao, alikuwa akirudi kutoka Nchi Takatifu. Hapo pana kasoro, kwa kuwa hati ya kuanzisha abasia ni ya 1270, wakati ambapo Edward alikuwa bado hajafunga safari hiyo. Ama tufani ilikuwa nyingine, ama wamonaki waliona chombo kinachotoka Yerusalemu kinapendeza zaidi kuliko kinachovuka mlango wa bahari wa Ufaransa. Nawakumbusha wasomaji jambo hili mapema: karibu kila tunachokijua kuhusu karne za kwanza za Vale Royal kiliandikwa na wenye nyumba.

Wamonaki wa shirika la Wasitoo walifika mwaka 1274, wakakaa kwanza Darnhall, maili chache kutoka hapo. Mahali hapakuwafaa. Tarehe 13 Agosti 1277, Edward, sasa mfalme, alikuja na malkia wake Eleanor wa Castile kuweka jiwe la msingi kwenye uwanja mpya ule wa Weaver. Kusudio lilikuwa kujenga kanisa kubwa kuliko makanisa yote ya Wasitoo Uingereza. Fundi mkuu alikuwa Walter wa Hereford. Hesabu za miaka mitatu ya kwanza zimesalia hadi leo, na ukizisoma unaona kazi ilivyotapanya fedha: waashi, wachonga mawe, maseremala, wahunzi, na maelfu ya mikokoteni ya farasi ikisomba mawe kutoka machimbo ya Eddisbury. Kama umewahi kujenga nyumba ya vyumba vitatu ukaona lori la kokoto linavyomeza mshahara, utaelewa.

Kisha mfalme akachoka. Vita vya Wales vilianza kula hazina, na baada ya vita zikaja ngome za kuwalinda washindi. Mwaka 1290 Edward akatangaza kwamba hajihusishi tena na ujenzi wa Vale Royal. Hakutoa sababu. Walter wa Hereford alikuja kuajiriwa kwenye ngome ya Caernarfon, na wamonaki wakabaki kwenye vibanda vya muda wakitazama kuta zisizo na paa. Waliingia katika majengo yenyewe mwaka 1330, miaka 53 tangu jiwe la msingi, na hata wakati huo yalikuwa hayajaisha. Karibu na mwaka 1360 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya kanisa, na aliyejenga upya akajenga dogo.

Fedha za mfalme zilipokatika, abasia ikageukia watu wa vijiji. Hapa ndipo historia ya Vale Royal inaponivutia kuliko historia za majumba mengine ya Kiingereza, ambazo mara nyingi ni orodha ya picha za ukutani na ngazi za marumaru. Edward alipowapa wamonaki ardhi ya Darnhall na Over, aliwapa na wakaaji wake. Watu hao walishikilia kwamba zamani, kabla ya wamonaki, walikuwa wapangaji huru wa mfalme. Abati alisema wao ni watwana. Kwa kuwa watwana, walipaswa kusaga nafaka kwenye kinu cha abati na si kwingineko. Binti akiolewa baba alipe. Mtu akifa abati achukue sehemu ya mali yake. Walikataa. Walifungwa, wakaachiwa, wakakataa tena. Wakachanga fedha wakatuma wajumbe kumfuata mfalme popote alipokuwa, na mfalme wa zama zile hakukaa mahali pamoja. Mwaka 1336, kundi lao likamvizia Abati Peter njiani, huko Rutland, mbali kabisa na kwao, na mtumishi mmoja wa abati akauawa. Mwisho wakarudishwa nyumbani wameinamisha vichwa, wakaapishwa kwamba wao ni watwana na watoto wao ni watwana. Abati huyo huyo naye aliuawa miaka michache baadaye.

Habari hizi zote zimo katika daftari la abasia. Aliyeziandika alikuwa mtu wa abati, na kalamu yake haina huruma: wanakijiji kwake ni kama hayawani. Lakini kwa kutaka kuonyesha ubaya wao, ametuhifadhia majina yao, madai yao na safari zao. Bila hasira yake tusingejua kwamba walikuwapo.

Henry wa Nane alipovunja abasia zote, zamu ya Vale Royal ilifika 1538. Aliyetumwa kuipokea alikuwa Thomas Holcroft, mtu wa ukoo mdogo wenye mkono mrefu. Aliipokea kwa niaba ya mfalme, kisha haukupita muda akawa mwenyewe. Kanisa, lile ambalo lilikusudiwa kuwashinda wote, akalibomoa mara moja. Pande mbili za majengo waliyoishi wamonaki akaziacha, akazigeuza kuwa makao yake: chumba cha kulia cha watawa kikawa ukumbi wa tajiri. Basi jumba unaloliona leo, ukitoa nyongeza za karne zilizofuata, ndani yake lina mifupa ya abasia. Majumba mengi ya Kiingereza yenye neno "abasia" katika jina yalizaliwa hivyo hivyo.

Akina Holcroft walikaa miaka isiyotimia 80. Mwaka 1615 wakamwuzia mjane aliyeitwa Mary Cholmondeley. Huyu bibi anastahili kukaliwa kitako. Alizaliwa katika ukoo wa Holford, mtoto pekee wa baba yake, na baba alipofariki ami yake alidai kwamba mali haiendi kwa mwanamke. Mary hakunyamaza. Kesi ikasikilizwa zaidi ya miaka 40, mawakili wakazeeka nayo, mwishowe wakagawana. Wakati huohuo alizaa, akazika mume, akaendesha mashamba na kuongeza mengine. Mfalme James wa Kwanza alipofika Cheshire mwezi Agosti 1617 alilala kwake Vale Royal na kuwinda kulungu katika msitu wa Delamere. Inasimuliwa kwamba mfalme alifurahi hata akataka kuwapandisha vyeo wanawe huko ikulu, na mama akakataa kwa adabu, kwa kuwa aliwajua watu wa ikulu. Jina alilompa mfalme, Bibi Shupavu wa Cheshire, limebaki kuwa lake. Jumba alimwachia mwanawe wa nne, Thomas, na kutoka kwa Thomas huyo ndiko linakoshuka tawi la ukoo tunalolifuata.

Vita vya mfalme na bunge vilipozuka miaka ya 1640, akina Cholmondeley walisimama na mfalme. Askari wa bunge wakalivamia jumba, wakapora na kuchoma sehemu yake. Watu wa pale wana hadithi wanayoipenda kuliko zote: ng'ombe wa ukoo, weupe wenye masikio mekundu, waliswagwa na waporaji, lakini jike mmoja akatoroka, akarudi mwenyewe zizini, na maziwa yake ndiyo yaliyowalisha wenye nyumba waliokuwa wamebaki hawana kitu. Sijui kama mwandishi wa Kiswahili anaweza kuisoma hadithi hii bila kuwafikiria Wamaasai, na ng'ombe wengine wa ukoo huu waliokuja kufa Njoro. Tutafika.

Hadithi nyingine ni ya Robert Nixon, mtabiri wa Cheshire, kijana wa jembe asiyejua kusoma, aliyesemekana kutabiri mambo ya wafalme na ya Vale Royal yenyewe. Mfalme alimwita ikulu. Nixon akalia, akisema huko atakufa njaa. Mfalme akaagiza alishwe kadiri atakavyo. Wapishi walipochoshwa na udokozi wake, mmoja akamfungia chumbani na kumsahau, akafa njaa. Vijitabu vyake viliuzwa sana kuanzia 1714, na wanahistoria hawaamini kama mtu huyo aliwahi kuishi. Lakini hadithi haikukosea kuhusu wakubwa: kwao si lazima wakuchukie ndipo ufe, inatosha wakusahau.

Karne iliyofuata napita haraka. Wenye nyumba walioa, wakawa wabunge, wakaongeza upande huu na kubomoa upande ule. Mwaka 1821 Thomas Cholmondeley akapewa ubaroni, akawa Lord Delamere wa kwanza. Mwaka 1833 msanifu Edward Blore alilifanyia jumba mabadiliko, na miaka ya 1860 John Douglas wa Chester akafanya mengine kwa amri ya baroni wa pili. Nje, kodi za wapangaji ziliingia kila msimu. Ndani, saa za ukutani zililia.

Baroni wa pili alifariki 1887, na mrithi wake, Hugh, alikuwa na umri wa miaka 17.

Kijana huyu hakupenda nyumba. Sisemi hakuipenda Vale Royal peke yake. Hakupenda kukaa ndani. Mwaka 1891 alikwenda Somaliland kuwinda, akarudi tena na tena. Mwaka 1894 simba alimkamata, akamtafuna mguu, na aliyemwokoa alikuwa mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemrukia simba kwa mikono. Delamere alichechemea maisha yake yote. Laiti Abdullah angesita kidogo siku hiyo, sehemu nzima ya historia ya Kenya ingeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Safari ya 1896 ilianzia Berbera, ikavuka nchi kavu kwenda kusini, na mwaka 1897 akatokea kwenye nyanda za juu za Laikipia. Baada ya mavumbi ya Somaliland, aliona majani mabichi, vijito na baridi ya asubuhi. Macho yake yakabaki huko hata mwili uliporudi Cheshire.

Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen wa Ireland, na miaka michache baadaye wakahamia Afrika Mashariki. Akaomba ardhi Laikipia, akakataliwa kwa kuwa ni mbali mno na reli. Akaomba Naivasha, akakataliwa kwa kuwa ni malisho ya Wamaasai. Mara ya tatu, mwaka 1903, akapewa Njoro: ekari 100,000 kwa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 katika miaka mitano ya kwanza. Akaliita shamba Equator Ranch. Baroni mwenye ukumbi wa wamonaki akaishi na mkewe katika kibanda cha udongo.

Hizo pauni 5,000, na nyingine nyingi zilizozifuata, zilitoka wapi? Zilitoka Cheshire. Kila alichotaka kukifanya Njoro alikifanya kwa kuiweka Vale Royal rehani. Alileta kondoo wa merino kutoka New Zealand. Wengi wakafa, kwa kuwa malisho ya Njoro yalikosa madini ambayo mnyama anayahitaji. Wamaasai walilijua hilo na ndiyo maana hawakuchungia huko, ila hakuwauliza kabla ya kutia saini. Alileta ng'ombe wa kisasa. Wakafa kwa ndigana na homa ya mapafu. Akageukia ngano, ikaingiwa na kutu. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hata asiyempenda atampa haki yake: aliajiri mtaalamu, akajenga maabara shambani, akachanganya mbegu mwaka baada ya mwaka mpaka ikapatikana ngano inayostahimili kutu. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, akaipa jina la Kiswahili lisilohitaji maelezo: Unga. Anayesonga ugali wa Jogoo leo anasonga unga wa kampuni hiyo.

Mwaka 1906 alipata shamba la pili, Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, na huko kondoo wakanona. Lakini Soysambu ilikuwa tupu kwa sababu inayojulikana. Kwa mapatano ya 1904, Wamaasai wa Bonde la Ufa walihamishwa, wengine Laikipia na wengine kusini, wakiahidiwa kwamba makao hayo mapya yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani. Dunia hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 wakaandikishwa mapatano ya pili, na wale wa Laikipia wakaswagwa kwenda kusini, watu na mifugo. Delamere mwenyewe alizungumza Kimaasai, aliwaajiri wachungaji wa Kimaasai na kuwasifu hadharani. Vilevile alikuwa kiongozi wa masetla, na masetla walitaka Laikipia. Ole Njogo na Wamaasai wenzake wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 mahakama ikasema kwamba mapatano yale ni ya dola na dola, hivyo haina mamlaka ya kuyasikiliza. Watu wa Darnhall wangeielewa hukumu hiyo bila mkalimani.

Turudi nyumbani Cheshire, maana huko nako mambo yalikuwa hayakai. Kuanzia 1907 Vale Royal ilipangishwa. Mpangaji alikuwa Robert Dempster, tajiri wa viwanda kutoka Manchester, aliyeishi humo na binti yake hadi alipofariki 1925. Hivyo, miaka ambayo Lord Delamere alikuwa akifyatua taa za Nairobi kwa bastola na kutoa hotuba katika Baraza la Kutunga Sheria, kodi ya mwenye kiwanda ndiyo ilikuwa ikisaidia kubeba riba. Lady Florence alifariki 1914. Baroni akaoa tena 1928. Mke huyo wa pili, Gwladys, ndiye aliyekuja kuwa meya wa Nairobi. Tarehe 13 Novemba 1931 Hugh Cholmondeley alifariki akiwa na miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha deni la benki la pauni 500,000.

Mwanawe Thomas, baroni wa nne, alijaribu kuligeuza gurudumu. Mwaka 1934 akarudi kuishi Vale Royal. Miaka mitano tu, vita vikaja, serikali ikalichukua jumba kuuguzia askari. Aliporudishiwa, mwaka 1947, aliliuza, na yeye akaishia Soysambu. Ukoo ulioingia na Bibi Shupavu mwaka 1615 ukatoka, miaka 332 baadaye, bila kelele.

Mnunuzi alikuwa kampuni ya kemikali ya ICI. Sasa tukumbuke chumvi. Mwaka 1873 John Brunner na Ludwig Mond walianzisha kiwanda Winnington, karibu na Northwich, cha kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya Cheshire. Biashara ikakua, ikawa tajiri kuliko mabaroni waliowazunguka. Mwaka 1924 kampuni yao ikainunua Kampuni ya Magadi Soda ya Kenya, iliyokuwa imeelemewa na madeni baada ya kujenga reli kutoka Konza hadi ziwa Magadi. Miaka miwili baadaye Brunner Mond ikaungana na nyingine tatu, ikazaliwa ICI. Kwa hiyo kampuni iliyolinunua jumba la Delamere Uingereza ndiyo iliyokuwa tayari inachota magadi katika nchi ya Wamaasai. Na kitengo kilichopewa Vale Royal kuwa makao yake makuu miaka ya 1950, wao wakikiita kitengo cha alkali, kwa Kiswahili cha dukani ni kitengo cha magadi. Sidhani kama kuna meneja aliyekaa katika ukumbi ule wa wamonaki akacheka kwa hilo, lakini mimi nimecheka. Maabara ya ICI pale Winnington, kwa taarifa yako, ndiyo iliyogundua plastiki ya mifuko mwaka 1933, ile ambayo Kenya ilikuja kuipiga marufuku 2017.

Wala Vale Royal haikuwa peke yake. Cheshire ni kaunti ndogo, lakini ukifuata mabwana wake unafika Bonde la Ufa mara tatu. Maurice Egerton, mwenye jumba la Tatton, alijenga Tatton ukumbi mzima wa kutundika vichwa vya wanyama aliowaua, na akajenga pia kasri la mawe huko huko Njoro. Shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Alifariki 1958 bila mtoto, na Tatton akaiachia shirika la kuhifadhi urithi wa taifa. Delves Broughton wa jumba la Doddington, naye wa Cheshire, aliuza ardhi ya mababu zake, akaja Kenya mwaka 1940 na mke kijana, Diana. Mwaka uliofuata Lord Erroll, mpenzi wa Diana, aliuawa kwa risasi nje ya Nairobi na Broughton akashtakiwa, akaachiliwa. Diana aliolewa tena, na tena, na mume wake wa mwisho, mwaka 1955, alikuwa baroni wa nne wa Delamere, yule yule aliyeiuza Vale Royal.

ICI ilihama. Mwaka 1977 jumba likawa makao ya watu wenye ulemavu wa akili, na tangu 1998 ni klabu ya gofu. Katika uwanja wake kuna nguzo ya jiwe inayoitwa Kaburi la Mtawa, ambapo wenyeji husema amezikwa bikira mmoja, Ida. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua mwaka 1958 walikuta misingi ya kanisa la Edward chini ya majani, na nguzo hiyo iko usawa wa altare kuu. Wilaya iliyopewa jina la Vale Royal mwaka 1974 ilifutwa 2009. Treni za Crewe kwenda Liverpool bado zinavuka Weaver juu ya daraja la Vale Royal.

Huku kwetu, barabara ya Delamere ya Nairobi ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu ya shaba ya baroni, iliyokuwa imekaa karibu na hoteli ya New Stanley, iling'olewa wakati wa uhuru ikapelekwa Soysambu. Shamba liko bado mikononi mwa ukoo. Tangu 2007 ni hifadhi ya wanyama. Kitukuu, Tom, alimwua kwa risasi mlinzi wa wanyamapori mwaka 2005, na mashtaka yakaondolewa. Mwaka 2006 akamwua mwanakijiji, fundi wa mawe, na mwaka 2009 akahukumiwa miezi minane kwa kuua bila kukusudia. Alifariki 2016.

Katika miaka hii 700 na ushei, wenye Vale Royal hawakukosa mwandishi. Abati alikuwa na daftari lake. Baroni wa tatu alipata juzuu mbili za Elspeth Huxley, zilizochapwa 1935. Waliochunga merino wa Njoro, waliochimba mashimo ya kufukia ng'ombe waliokufa, na waliotembea kutoka Laikipia na ndama migongoni, wajukuu wao wapo Nakuru, Narok na Kajiado. Wenye wazee wa kuulizwa wawaulize mwaka huu, na wayaandike watakayoambiwa.